Picha ya pasipoti kwa waishio ughaibuni: fuata hati unayoiomba, si nchi unayoishi

Nyumbani tumezoea kuingia studio, kuvaa koti la suti ambalo mpiga picha huliacha limetundikwa ukutani kwa ajili ya wateja, na kutoka na picha nne zilizokatwa kwa mkasi, ambazo baadaye hugawanywa kati ya benki, chuo na kitambulisho cha kazini bila mtu yeyote kuuliza zina milimita ngapi. Mazoea hayo humfanya mtu aamini kuwa picha ya pasipoti ina kipimo kimoja dunia nzima, na imani hiyo ndiyo inayowagharimu wengi wanapohamia nchi nyingine. Picha hufuata serikali itakayotoa hati, wala haifuati mji unamopigwa picha hiyo. Kabla hujalipa popote, fungua maelekezo ya ubalozi au idara ya uhamiaji inayohusika, usome kipimo, rangi ya nyuma na idadi ya nakala, kisha uende navyo vimeandikwa kwenye karatasi.

Chukua mfano wa Mtanzania anayeishi Houston ambaye pasipoti yake inakaribia kuisha muda. Duka la dawa la karibu naye, kwa mfano CVS au Walgreens, litampiga picha kwa dakika chache, lakini litampa ile ya kawaida ya Kimarekani: mraba wa inchi mbili kwa mbili, yaani milimita 51 kila upande, wenye rangi nyeupe nyuma. Picha hiyo inafaa kabisa kwa viza na pasipoti ya Marekani, ila Uhamiaji wa Tanzania umezoea kudai picha yenye rangi ya samawati nyuma. Mhudumu wa dukani hana kosa, kwa kuwa hakuambiwa hati ni ya nchi gani. Mkenya naye, ingawa hupigwa picha tena anapochukuliwa alama za vidole, bado huambiwa aje na picha tatu za karatasi pamoja na fomu yake, hivyo asidhani kwamba kamera ya ubalozini inamwondolea wajibu huo.

Msingi wa vipimo vingi ni waraka namba 9303 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unaoeleza jinsi hati za kusafiria zinavyopaswa kusomeka kwa mashine. Hata hivyo, kila nchi huongeza masharti yake. Viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hutaka picha ya milimita 35 kwa 45, isiyozidi miezi sita, na uso uchukue kati ya asilimia 70 na 80 ya picha. Uingereza nayo hutumia milimita 35 kwa 45 kwa picha za karatasi za pasipoti yake, ila hutaka kichwa kiwe kati ya milimita 29 na 34 kutoka utosini hadi kidevuni, na picha iwe imepigwa ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo picha mbili zinazolingana kwa nje zinaweza kutofautiana kwa ndani, moja ikapokewa na nyingine ikakataliwa. Pasipoti ya Kanada ni milimita 50 kwa 70, na uso uwe kati ya milimita 31 na 36. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou atahitaji milimita 33 kwa 48 kwa viza ya China, ilhali mgonjwa anayekwenda kutibiwa India atatumia mraba wa inchi mbili kama ule wa Marekani.

Jambo ambalo maelekezo mengi hayalielezi vizuri ni mwanga kwa ngozi nyeusi, na hapa ndipo picha nyingi za ndugu zetu huharibikia. Kamera hukadiria mwanga kwa kuangalia eneo lote lililo mbele yake. Ikiona ukuta mweupe umejaa kwenye fremu, hudhani pana mwanga mwingi na kuupunguza, na matokeo yake ukuta hutoka vizuri huku uso ukitoka na giza, macho hayaonekani na mstari wa taya umepotea. Mwezi Oktoba 2020 BBC ilijaribu mfumo wa mtandaoni wa Uingereza unaokagua picha za pasipoti kwa kutumia picha zaidi ya elfu moja za wanasiasa wa nchi mbalimbali, ikakuta kuwa picha za wanawake wenye ngozi nyeusi ziliambiwa ni duni kwa asilimia 22, na za wanawake weupe kwa asilimia 14. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 15 dhidi ya 9. Mfumo huo huweza kukwambia kuwa mdomo uko wazi wakati umeufumba. Ukiwa na hakika kuwa picha yako imetimiza masharti, mfumo unakuruhusu kuiwasilisha hivyo hivyo na kueleza sababu, nami ningekushauri utumie nafasi hiyo badala ya kupiga picha upya kila mara.

Dawa yake ni kuumulika uso, wala si kuung'arisha baadaye kwenye kompyuta. Kaa ukitazama dirisha kubwa mchana, jua lisikupige moja kwa moja, na usimame mbali kidogo na ukuta, angalau nusu mita, ili kivuli chako kidondoke chini badala ya kuchorwa nyuma ya sikio. Mpiga picha asimame kati yako na dirisha bila kukukinga mwanga, umbali wa mita moja na nusu au zaidi, simu ikiwa usawa wa macho yako. Aguse uso wako kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, kisha aongeze mwanga kidogo ikiwa bado uso ni mweusi kuliko ulivyo. Ikiwa shavu moja lina giza, shuka jeupe likishikwa upande huo hurudisha mwanga wa kutosha. Epuka mwako wa kamera, kwani huacha mng'ao kwenye paji la uso, na epuka kujipiga mwenyewe kwa mkono, kwa sababu kamera iliyo karibu hukuza pua na kuyafanya masikio yarudi nyuma.

Studio nyingi zetu, kwa nia njema kabisa, hupenda kumtakatisha mteja: huondoa kovu, hulainisha ngozi, huipunguzia rangi na kubadilisha nguo. Kwa harusi sawa, kwa pasipoti hapana. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imekataza picha iliyobadilishwa kwa programu ya kompyuta, programu ya simu au akili mnemba, na nchi nyingine nyingi zina katazo la namna hiyo. Baadhi ya simu hulainisha uso zenyewe bila kuulizwa. Zima kipengele hicho kabla hujaanza.

Uso uwe umetulia, mdomo umefumbwa, macho yote wazi. Marekani ilipiga marufuku miwani kwenye picha za pasipoti na viza kuanzia tarehe 1 Novemba 2016, na hata pale inaporuhusiwa ni busara kuivua, maana mng'ao mdogo tu kwenye kioo unatosha kuirudisha picha. Hijabu, kilemba cha dini na vazi la mtawa huruhusiwa, mradi uso wote uonekane kutoka kidevuni hadi juu ya paji na kingo zake pande zote mbili. Kwa pasipoti ya Marekani utaambatanisha maelezo yaliyotiwa saini kuwa vazi hilo ni la dini na huvaliwa kila siku hadharani. Mtandio mweupe mbele ya ukuta mweupe hufanya kichwa kipotee, kwa hiyo chagua wa rangi iliyokolea usio na nakshi. Nywele za bandia hazina tatizo ikiwa ndivyo unavyoonekana kila siku na haziangushi kivuli machoni.

Kwa mtoto mchanga, mlaze juu ya shuka jeupe lililonyooshwa, upige ukiwa juu yake, na uhakikishe kivuli chako hakimfuniki. Uingereza haidai mtoto wa chini ya mwaka mmoja awe amefumbua macho, na wa chini ya miaka sita halazimiki kutazama kamera. Unaweza kumshikilia kichwa, lakini mkono wako usionekane. Asiwe na chuchu bandia mdomoni wala mdoli mkononi.

Kuna nchi ambako karatasi imepitwa na wakati. Ujerumani, tangu tarehe 1 Mei 2025, hupokea picha za kidijitali pekee kwa pasipoti, vitambulisho na kadi za ukaazi, zikiwa zimepigwa ofisini penyewe au na mpiga picha aliyeidhinishwa anayezituma kwa njia salama, nawe ukapewa msimbo wa kuonyesha. Ufaransa, kwa maombi ya mtandaoni ya leseni ya udereva na kadi ya ukaazi, hutumia msimbo wa herufi na tarakimu 22 utolewao na mashine au studio iliyokubaliwa. Sweden hukupiga picha yenyewe unapochukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kadi ya ukaazi. Hayo yote ni kwa hati za nchi hizo. Ubalozi wako mjini Berlin au Stockholm unaweza bado kutaka karatasi.

Maombi ya mtandaoni yana mitego yake. Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, hutaka faili la JPEG la mraba, kati ya pikseli 600 na 1200 kila upande, lisilozidi kilobaiti 240. Simu za iPhone huweza kuhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao mifumo mingi haiusomi, hivyo badilisha mpangilio wa kamera kwanza. Usimtumie mtu picha hiyo kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa hupunguzwa ubora njiani. Itume kama dokumenti au kwa barua pepe. Wala usipige picha ya picha ya karatasi. Faili la DS-160 likikataliwa, maombi hayafi: unaendelea na fomu, kisha unakwenda na picha ya karatasi siku ya mahojiano.

Ukitaka kuokoa fedha za kuchapisha, panga nakala zako kwenye karatasi ya picha ya inchi nne kwa sita: zinaingia sita za Kimarekani, au nane za milimita 35 kwa 45. Mwambie mchapaji asiruhusu mashine ijirekebishie ukubwa, kisha upime kwa rula kabla hujalipa. Kwa pasipoti ya Kanada njia hii ya nyumbani haikufai, kwa sababu nyuma ya picha moja panatakiwa jina na anwani ya studio pamoja na tarehe iliyopigwa, na mdhamini wako, yaani mtu anayethibitisha kuwa picha ni yako, naye huandika na kutia saini hapo hapo. Ukienda studio, mkumbushe mpiga picha agonge muhuri kabla hajakukabidhi bahasha.