Kalenda kwanza, ramani baadaye: namna ya kuwafunza wasimamizi wa pwani kupanga matumizi ya bahari

Watumishi wengi wa halmashauri za pwani wamewahi kushiriki mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Kazi yake wanaijua: hapa makazi, pale malisho, kule msitu, mwisho bikoni na mchoro wa rangi. Ukiwaambia sasa tunapanga bahari, hushika kalamu wakaanza kuikata vipande kama shamba. Lakini kipande hichohicho cha maji ndani ya mwamba, asubuhi yakikupwa ni shamba la mwani, alasiri yakijaa ni njia ya ngalawa na uwanja wa wageni wa hoteli, usiku kuna mtu na tochi yake anatafuta kaa. Ukikipaka rangi moja umedanganya.

Mafunzo yangu ni ya siku 5, kwa maafisa wa wilaya pamoja na wajumbe wa kamati za wavuvi. Mpangilio ninaoutumia sasa ndio huu, baada ya kukosea sana.

Hatua ya 1: Tarehe zipange kwa mwezi wa angani

Mara ya kwanza niliweka matembezi ya mwambani Ijumaa, siku ya kufunga, bila kutazama mwezi. Ilikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki mbali. Tulisimama ufukweni, watu wazima ishirini na suruali zilizokunjwa, maji yakigoma kutoka. Mzee mmoja wa kamati akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hii tarehe nani aliipanga?"

Anza siku ya mwezi mpevu, tarehe 14 au 15 ya mwezi wa kuandama. Kwanza ni bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kutoka mbali, na kwetu Unguja bamvua hukupwa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, muda mzuri wa kutembea. Pili, wavuvi wa dagaa wanaotumia taa wako nyumbani, maana mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi. Kumbuka maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo matembezi yawe siku ya pili. Ukingoja siku ya tano utatembea na jua la adhuhuri, na maji yenyewe hayatoki tena kama mwanzo.

Kuna tatizo. Bamvua ndiyo siku ya kazi ya wanawake: kuvuna mwani, kuchokoa pweza, kuokota chaza na kombe. Ukiwaita asubuhi watakuja wachache, au watakuja wasiokwenda baharini. Kikao chao kiweke saa tisa alasiri, maji yakiwa yamerudi, na posho yao iwe sawa na ya maafisa.

Hatua ya 2: Nani aketi mezani

Afisa uvuvi peke yake hatoshi. Mwite wa misitu, kwa sababu mikoko iko mikononi mwake. Mwite wa utalii, wa ardhi, wa mazingira, wa bandari, na anayefanya doria. Kisha mvuvi wa dema (mtego), wa mshipi, wa juya (wavu wa kukokota), mkulima wa mwani, na mwenye boti za wageni. Jumla isizidi 25.

Mtu anayesahaulika kila mara ni nahodha wa dago, kambi ya muda ya wavuvi waliotoka kwao. Wavuvi wa Kojani, Pemba, kwa mfano, wanajulikana pwani nzima kwa kupiga dago mbali na kwao, wiki kwa wiki. Mpango ukitungwa bila wao, siku wakitia nanga watavua palepale mlipofunga, nao hawatakuwa na kosa, hakuna aliyewaambia.

Hatua ya 3: Kalenda ya matumizi

Hapa tumia siku nzima. Bandika ukutani karatasi za kaki, mita tatu hivi. Upande wa juu andika miezi 12, na chini yake pepo: kaskazi, kusi, na maleleji katikati. Kila mwezi ugawe mara nne: bamvua, maji mafu, bamvua, maji mafu. Upande wa kushoto andika kila anayetumia bahari na chombo chake. Kisha kila mtu asimame ajaze mwenyewe: lini, saa ngapi, maji yakiwa vipi, kina gani.

Usimjazie mtu. Afisa akianza kusema "wavuvi huwa wanakwenda...", mkabidhi mvuvi kalamu.

Katika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja, mwakilishi wa hoteli alishikilia kwamba vijiti vya mwani na mchezo wa kaiti (kuteleza majini kwa ubao unaovutwa na tiara) haviwezi kukaa pamoja, lazima mmoja ahame. Bibi mmoja mkulima wa mwani akauliza, "Mwanangu, wageni wako wanaruka maji yakiwa ndani au yakiwa nje?" Yakiwa ndani, akajibiwa, yakitoka ubao unagonga mawe. "Basi mimi nipo yakiwa nje. Tumegombana wapi?" Tukaenda kwenye kalenda. Kweli, saa zao karibu hazikutani. Kilichokuwa kinawaumiza wote wawili ni ncha za vijiti zisizoonekana maji yakijaa, na kamba za mwani zinazokatwa na boti zinazopita popote. Dawa yake ni mlango mmoja wa boti wenye maboya, na alama kwenye kona za mashamba. Ramani tupu ingemhamisha mmoja wao.

Hatua ya 4: Kutembea

Siku ya pili asubuhi. Viatu vigumu, maji ya kunywa, na mwongozaji awe mvuvi. Kila kituo uliza mambo mawili tu: hapa panaitwaje, na nani alikuwa hapa jana. Majina yaandikwe kama yanavyotamkwa. Fungu (mchanga ulioinuka), kipwa (panapoonekana maji yakitoka) na mlango (njia ya maji) ni vitu tofauti, usiviandike vyote "mwamba".

Hatua ya 5: Sasa ramani

Chukua chati ya mabaharia yenye vina, ikuze, itandike mezani, juu yake weka nailoni inayoonyesha chini. Kila kundi lichore kwenye nailoni yake kwa rangi yake, kisha mzirundike. Palipojaa rangi ndipo penye maneno. Kompyuta iache siku ya nne. QGIS, programu ya kuchora ramani, ni bure na nzuri, lakini ikifunguliwa mapema, kijana mmoja anashika kipanya na wengine wote wanageuka watazamaji.

Mvuvi hatakuonyesha mwamba wake, na usimlazimishe. Ameupata kwa kulinganisha mnazi na mnara miaka mingi, huo ni urithi wa wanawe. Gawa chati miraba ya kilomita moja, mwambie atie punje ya hindi kwenye mraba tu. Inatosha kwa kupanga.

Nailoni za asili zibaki kijijini. Nimefika mahali wanakataa kuchora kwa sababu mradi fulani uliwachoresha, ukaondoka na karatasi, wasizione tena. Waliokataa hawakukosea.

Hatua ya 6: Migongano na kanda

Tengeneza jedwali, matumizi juu na matumizi kando, na kila yanapokutana tia alama: yanapatana, yanapatana kwa saa tofauti, hayapatani kabisa. Alama ya katikati itakuwa nyingi kuliko walivyodhani.

Mfano wa kanda tunao nyumbani. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa 1995 na watu wanaishi ndani yake. Kuna sehemu haiguswi, sehemu ya matumizi yenye masharti, na sehemu ya matumizi ya jumla. Washiriki hupenda kutaja Shelisheli, iliyoanza mpango wake 2014 na kufikia 2020 ikawa imetenga asilimia 30 ya bahari yake ya kilomita za mraba milioni 1.35. Kazi kubwa, naisifu. Ila sehemu kubwa ya eneo hilo ni bahari kuu, na ugomvi wetu uko pale mtu anapoweza kufika kwa miguu.

Kisha wafanyishe zoezi la kufunga mwamba wa pweza, yaani kuacha kuvua hapo, kwa miezi mitatu. Kufunga huwa rahisi. Wabane kwenye siku ya kufungua: nani anaingia kwanza, saa ngapi, mgeni asiyelinda anaruhusiwa, mnunuzi anasimama wapi. Pasipo majibu, mavuno ya miezi mitatu huondoka na umati wa asubuhi moja.

Hatua ya 7: Sheria

Fupi. Bara, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vinafanya kazi chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, na sheria ndogo lazima zipite mkutano wa kijiji na halmashauri. Zanzibar ina sheria zake, usizichanganye kwenye ubao mmoja. Kila mstari wa rasimu uandikiwe ofisi itakayousimamia na mafuta ya boti yatakayotumika. Usio na mafuta ufutwe.

Hatua ya 8: Kurudi

Kama mafunzo yalikuwa ya kusi, rudi kaskazi. Kalenda iliyojazwa na watu waliofungiwa ndani ya mwamba na upepo wa kusi huwa na miezi ya Desemba hadi Machi iliyojazwa kwa kukisia. Nenda na karatasi mpya ya miezi hiyo peke yake, ibandike juu ya ile ya zamani, toa kalamu, ukae.