Kufanya kazi ya sistimu na mteja mpaka muaminiane, hatua kwa hatua

Hii ni kwa mafundi wenzangu wa sistimu za kompyuta za mauzo ya duka, wa Kampala, Jinja, Mbarara na kwingine, na nyinyi wenye biashara mnaotulipa someni pia.

Hatua ya 1. Kabla ya kutaja bei nenda ukae dukani kwake. Listi ya wasapu haitoshi, we kaa karibu na kaunta uone mauzo yanaandikwaje, daftari anashika nani, mtu akilipa kwa MoMo (pesa za simu) inaingizwa wapi, umeme ukikatika wanafanyaje. Bosi atakueleza duka analolitaka ila keshia ndo anajua lilivyo, na ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Hatua ya 2. Andikeni. Kitakachofanyika, kisichokuwemo, na nani kwa mteja ana neno la mwisho. Kisichokuwemo ndo muhimu zaidi! Kama biashara imesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) risiti zake zinapita EFRIS, sistimu ya risiti za kielektroniki ya URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, sasa kuunganisha huko kumo ndani ya bei au ni kazi nyingine? Na bei yenyewe ina ile 18% ya VAT au haina? Halafu sheria ya kulinda data ya 2019 inataka mkataba umbane fundi atunze data za watu, msiiruke.

Hatua ya 3. Domeini (jina la tovuti) na hostingi (sehemu sistimu inapokaa mtandaoni) viandikishwe kwa jina na imeili ya mteja toka siku ya kwanza, paswadi kuu awe nayo. Najua mafundi wengi wanavishikilia wakiogopa kudhulumiwa, na woga huo una sababu, lakini mteja akigundua funguo za duka lake ziko mfukoni mwako hatakuamini tena hata ukimfanyia kazi nzuri vipi.

Hatua ya 4. Kinga yako iwe kwenye malipo. Advansi kwanza, kipande demo (onyesho la sistimu) ikikubalika, kilichobaki keshia akishaitumia sistimu yenyewe. Mteja, kipande kikifika lipa, usimzungushe mtu.

Hatua ya 5. Kila wiki onyesha ulipofika, hata kama ni nusu. Ukichelewa sema kabla hujaulizwa.

Hatua ya 6. Ukiahidi sistimu itakuwa hewani 99% ya mwezi, mwambie wazi kwamba hiyo ni kama saa 7 za kuzima, mkubaliane matengenezo yawe usiku duka likishafungwa. Na bakapu (nakala ya akiba ya data) usiishie kusema ipo, irudishe mbele yake kwenye kompyuta nyingine ayaone mauzo ya jana kwa macho yake.