Kuvisha titaniamu ya taya utando wa apataiti: mwongozo kwa maabara za Mwanza

Bamba la titaniamu linaloshikilia taya lililovunjika, au lililokatwa kwa ajili ya uvimbe wa ameloblastoma, halipati kutu na mwili haulikatai. Mfupa hulisogelea na kulikumbatia, ila hauungani nalo kikemia. Likivishwa apataiti, madini yale yale yanayojenga mfupa, muungano huo hupatikana. Njia ifuatayo ilitangazwa na Kokubo na wenzake wa Japani mwaka 1996. Vifaa vyake ni vya kawaida, ila usafi wake hauna mjadala. Vipande utakavyopata ni vya majaribio ya maabara tu, visiwekwe kinywani mwa mtu.

Kama bamba litahitaji kupindwa lifuate umbo la taya, lipinde kwanza. Apataiti ni kama ganda la yai: ukipinda baadaye, inapasuka palepale penye kona, mahali ambapo mfupa ulihitajika zaidi.

Kwa mazoezi, kata vipande vya milimita 10 × 10 × 1. Visugue kwa msasa namba 400, kisha vioshe kwenye mashine ya mawimbi ya sauti kwa asetoni, halafu alkoholi, halafu maji yaliyokenekwa, dakika 30 kila kimoja. Tangu hapo usiviguse kwa vidole. Tumia koleo la plastiki.

Yeyusha gramu 20 za kostiki soda katika maji yaliyokenekwa hadi ujazo ufike mililita 100. Tia vipande vya soda ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya soda: mchanganyiko huchemka na kuruka machoni. Vaa miwani na glavu. Chombo kiwe cha plastiki ya polipropilini au tefloni, kwa sababu soda hula kioo. Zamisha kila kipande katika mililita 5, nyuzi 60, kwa saa 24.

Suuza taratibu kwa maji yaliyokenekwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua. Maji ya ziwa, ya bomba au ya kisima yana kalsiamu, na kuyachemsha hakuiondoi. Kalsiamu kidogo tu ikiingia mapema kwenye utando wenye sodiamu ulioachwa na soda juu ya titaniamu, inazuia sodiamu kutoka baadaye, na sodiamu isipotoka apataiti haioti. Kausha kwa nyuzi 40 kwa siku nzima, kisha ingiza kwenye tanuri: panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 600, kaa saa 1, acha vipoe humo humo. Joto hilo hukaza utando wa titanati ya sodiamu, wenye unene wa takriban mikroni 1, usibanduke. Ukifika 800 unageuka rutaili, umbo jingine la oksidi ya titaniamu, na kupoteza uwezo wake. Kabla ya kuendelea dondosha tone la maji juu ya kipande: likitandaa mara moja, uso ni mzuri, likisimama kama shanga, rudia tangu kuosha.

Sasa tengeneza maji yanayofanana na ute wa damu (plazma), ambamo apataiti itaota. Tumia chupa ya plastiki isiyo na michubuko, maana kwenye kioo au mchubuko apataiti huota ukutani badala ya kwenye titaniamu. Weka maji mililita 700 kwa nyuzi 36.5, na ufuate mpangilio huu, kila kitu kiyeyuke kabisa kabla ya kinachofuata: kloridi ya sodiamu gramu 8.035, bikaboneti ya sodiamu 0.355, kloridi ya potasiamu 0.225, fosfati ya haidrojeni ya dipotasiamu (yenye maji matatu) 0.231, kloridi ya magnesi (yenye maji sita) 0.311, asidi ya haidrokloriki ya mola 1 mililita 39, kloridi ya kalsiamu 0.292, salfati ya sodiamu 0.072. Asidi hutangulia kalsiamu ili fosfati isiigandishe. Kloridi za magnesi na kalsiamu hunyonya unyevu, na wakati wa masika hulowa ukiwa bado unapima. Fungua kopo, pima, funga.

Ongeza maji hadi mililita 900, kisha tia trisi (kemikali ya kutuliza pH), gramu 6.118, kwa chembe chache chache huku ukisoma pH, yaani kipimo cha uasidi. Isizidi 7.45; ikikaribia hapo rudisha kwa matone ya asidi, uendelee hadi trisi yote iishe, umalizie pH 7.40. Kipimo kisomwe kwa nyuzi 36.5. Ukipima kwenye joto la chumba, kama nyuzi 27, kisha ukayapasha, pH ya maji yako itashuka hadi karibu 7.1. Yapoze hadi nyuzi 20, kamilisha lita 1. Yakiwa na ukungu, mwaga, kuchuja hakuyaokoi. Yasiyo na ukungu hukaa kwenye friji siku 30.

Kiasi cha kutumia ni eneo la kipande kwa milimita za mraba, gawa kwa 10: kipande chetu kina 240, hivyo mililita 24. Kisimame wima, mashapo yasikitulie. Weka kwenye inkubeta ya nyuzi 36.5 kwa siku 7. Umeme ukikatika, hamishia chupa kwenye deli la samaki lililosafishwa, lenye maji ya nyuzi 37, funika, na andika saa zilizopotea.

Utando uliokubali ni mweupe usiong'aa, na ukibandika utepe wa gundi na kuubandua haufuati.

Kwa majaribio ya chembe hai, tumia otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo), lakini kumbuka Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Geji ikisoma kilopaskali 103 kama kitabu kinavyosema, ndani ni nyuzi 119 tu. Kufikia 121 geji isome karibu 117.