Somo: Kuupitia mchezo wa Go baada ya kuumaliza

Mchezaji wa Go, mchezo wa kuzingira maeneo ubaoni kwa kete nyeusi na nyeupe, aliyeshindwa akiombwa aonyeshe alipoharibu, huonyesha pale kundi lake la kete kumi na tano lilipokufa. Mara nyingi si hapo. Kundi lililokufa kwenye kete ya 130 lilikuwa limeshahukumiwa kwenye kete ya 85, lilipokuwa na njia wazi ya kutokea katikati, na mwenyewe akaliacha aende kuokota alama nne pembeni. Somo hili ni la kuutafuta uamuzi ule wa 85. Linamfaa anayecheza ubao wa 19 kwa 19 na ambaye ameshazoea sheria, tuseme kati ya kyu ya 20 na kyu ya 5 (kyu ni daraja la mchezaji, namba ikipungua uwezo umepanda). Mgeni kabisa acheze kwanza michezo mingi ya haraka kwenye ubao wa 9 kwa 9, kwa sababu bado hana maamuzi ya kupitia.

Maneno machache tukubaliane. Pumzi ni makutano matupu yanayogusa kete au kundi. Jicho ni nafasi iliyozungukwa ndani ya kundi, na kundi lenye macho mawili haliuawi. Safuwima zinaitwa A hadi T, herufi I ikirukwa, na mistari inahesabiwa 1 hadi 19 kutoka chini. "Kete ya 7" ni kete ya saba kuwekwa ubaoni.

Hatua ya kwanza: kuwa na rekodi

Ukicheza mtandaoni kazi imekwisha: pakua faili ya SGF, ambayo ni maandishi matupu ya kilobaiti chache tu. Ukicheza uso kwa uso, piga ubao picha kwa simu kila baada ya kete 20 hivi. Simama upande uleule kila mara, kona zote nne zionekane, na taa isimulike juu ya kete, la sivyo nyeupe na nyeusi zitafanana. Ukifika nyumbani, ziingize kete kwenye programu kama Sabaki ukilinganisha picha na picha. Mpangilio wa kete kati ya picha mbili utaukumbuka ukiufanya siku hiyohiyo. Ukilala, zitabaki kete 60 za mwanzo tu, nazo si haba kwa kazi hii.

Hatua ya pili: dakika kumi na mpinzani

Kabla hamjaondoa kete, muulize maswali mawili: ni wapi aliogopa, na ni wapi aliona umempa nafuu. Usibishane naye. Unachotafuta ni kile alichokiona wakati wewe ulikuwa unatazama kwingine, na hakuna mashine, yaani programu ya kuchambua michezo, itakayokupa hicho.

Hatua ya tatu: pitia peke yako, mashine ikiwa imezimwa

Wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo inayofanya kazi. Ukiwasha mashine kwanza, utakubali kila inachosema na hutajua kamwe ni wazo lako lipi lililokuwa bovu.

Pitisha mchezo mzima mara moja kwa kasi, kisha mara ya pili polepole ukiwa na karatasi. Andika namba ya kete kila unapokutana na mojawapo ya haya: hukujua ucheze wapi ukabahatisha, jibu la mpinzani lilikushtua, ulijibu papo hapo bila kuuliza kama jibu linahitajika, uliacha sehemu moja ya ubao ukahamia nyingine. Hilo la tatu ndilo lenye madhara zaidi. Aliyezoea drafti chini ya mti, Kisumu au kwingineko, amezoea kula na kukwepa kuliwa, kwa hiyo kila kete ikitishiwa anaikimbilia. Kwenye Go, kete mbili ambazo hazikati wala hazifungi chochote zinaachwa ziende, na aliyeziacha anacheza kwanza kwingine.

Chuja hadi zibaki kete nne au tano kwa mchezo. Karatasi yenye kete ishirini hairudiwi.

Hatua ya nne: hesabu kwenye kete ya 50, 100 na 150

Simamisha mchezo hapo na uhesabu maeneo ya pande zote mbili. Hesabu mbilimbili, makutano yaliyo hakika tu. Kwa hesabu ya Kijapani, kete ya adui iliyokufa ndani ya eneo lako ni alama mbili: moja ya mateka na moja ya nafasi yake. Nyeupe aongezewe komi, yaani fidia ya kuanza wa pili, 6.5 kwa Kijapani au 7.5 kwa sheria za Kichina.

Chukua mfano wa kete ya 120. Nyeusi ana 38 upande wa kulia, 9 kwenye kona ya chini na mateka 2, jumla 49. Nyeupe ana 11 kwenye kona aliyoivamia, 24 kushoto na 14 juu, nazo ni 49. Ongeza komi, nyeupe ni 55.5. Nyeusi, ambaye ndiye wa kucheza, yuko nyuma kwa 6.5. Sasa tazama kete ya 121: nyeusi anarudi kuimarisha eneo lake la kulia ambalo halikuwa na tishio lolote. Ukimuuliza, atasema alijiona yuko mbele kwa kuwa alikuwa amekamata mateka. Kete yenyewe si ya ajabu, ni kete ya mtu anayeongoza. Kosa liko kwenye hesabu ambayo haikufanywa, na mazoezi ya kuua na kuokoa makundi hayatalitibu.

Hatua ya tano: kila kete uliyoiandika ijibu maswali manne

Kwa mpangilio huu, bila kuubadilisha. Kuna kundi lolote, langu au lake, lisilo na macho mawili wala njia ya kutoka? Nikicheza hapa, lazima ajibu? Kete zangu zenye nguvu zinatazama wapi? Sehemu kubwa kuliko zote iliyobaki wazi ni ipi? Kundi dhaifu hutangulia sehemu kubwa, na sehemu kubwa hutangulia kuokota alama chache. Maamuzi mabaya ya wachezaji wa kyu mengi ni mpangilio huu uliopinduliwa.

Swali la tatu ndilo gumu, kwa hiyo tulitazame ubaoni. Nyeusi anaanza Q16, nyeupe D4, nyeusi Q4, nyeupe D16, nyeusi Q10. Nyeusi ana nyota (nukta zilizochorwa ubaoni) tatu za upande wa kulia. Kete ya 6, nyeupe anavamia kona kwa R17. Nyeusi ana njia mbili za kuzuia: Q17 au R16.

Mchezaji wa kyu ya 12 mara nyingi huweka Q17, kwa hoja kwamba anamzuia nyeupe asiungane na D16. Hoja ina mantiki, ila imeelekea pabaya. Nyeupe anateremka R16 na anaishi akitazama upande wa kulia, palepale nyeusi alipoweka kete tatu. Ukuta wa nyeusi unabaki ukitazama juu kushoto, ambako D16 inaungoja. Q10 inageuka kete ya kusikitikiwa. Akizuia R16, nyeupe atasogea Q17 na kuishi kwa juu, mahali ambapo hata hivyo hapakuwa pa nyeusi, na ukuta utatazama chini kuelekea Q10 na Q4. Kete tatu za mwanzo zinaendelea kuwa na kazi.

Angalia kwamba hatukutaja hata mfuatano mmoja wa joseki, yaani michezo ya kona iliyozoeleka. Swali lilikuwa: kete zangu zilizopo zinataka nini? Ukishindwa kulijibu kwa sentensi moja, kete hiyo iandike kwenye karatasi yako hata kama mashine haitailalamikia.

Hatua ya sita: sasa washa mashine

KataGo ni programu ya bure iliyotoka mwaka 2019, na KaTrain, nayo ya bure, huiendesha kwa nukta za rangi zinazoonyesha hasara ya kila kete. Kompyuta isiyo na kadi ya picha itumie toleo la KataGo linalotegemea prosesa pekee, lile la Eigen. Idadi ya majaribio kwa kila kete ishushe hadi 100 au 200, maana kwa kazi yetu inatosha, nawe hutakaa usiku kucha ukisikiliza feni.

Soma alama, usisome asilimia. Uongozi wa alama 2 mwanzoni hauonyeshi asilimia kubwa sana. Uongozi huohuo karibu na mwisho unaweza kufika 95. Mtu akiona asilimia zimeporomoka anadhani amefanya maafa, kumbe amepoteza alama moja na nusu. Wa kyu ya 15 atazame hasara za alama 10 kwenda juu. Wa kyu ya 5 ashuke hadi 4 au 5. Chini ya hapo mashine inakufundisha mambo ambayo hutaweza kuyafuatilia kete tatu mbele.

Kisha linganisha na karatasi yako. Hasara kubwa uliyokuwa umeiandika inamaanisha hisia zako ni nzima na ulichokosa ni jibu. Hasara kubwa ambayo hukuiandika ni upofu wako, na hiyo ndiyo ya kufanyia kazi. Usinakili kete ya mashine. Weka ile yako, iache mashine ikuadhibu hadi kete tano au sita, uone adhabu ni ipi. Usipoiona adhabu, achana na kete hiyo.

Hatua ya saba: sentensi moja kwenye daftari, ya jambo la kuangalia katika michezo mitano ijayo. "Nihesabu kabla ya kujilinda" inatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kondele, Kisumu: Mwalimu, sina kompyuta, na bando ni la shida. Nianzie wapi?

Jibu: Hatua ya kwanza hadi ya tano hazihitaji intaneti, na faida kubwa iko humo. Faili zako za SGF ziweke kwenye flashi, ukipata nafasi ya kwenda cyber uzipitishe kadhaa kwa pamoja. Nenda na karatasi zako tayari, saa moja isiishe ukitazama rangi.

Kutoka Lanet, Nakuru: Ubao wa 19 kwa vizibo vya soda unatoka na ukubwa gani? Vyangu vinasukumana.

Jibu: Kizibo kina upana wa milimita 32 hivi. Acha 33 kati ya mstari na mstari: nafasi 18 ni milimita 594, kwa hiyo plaiwudi ya sentimita 65 kwa 65 inatoa ukingo mzuri. Wa 13 kwa 13 unaingia kwenye sentimita 45. Rangi moja ya vizibo ipakwe upya, usitegemee nembo. Picha za simu zitakushukuru.

Kutoka Kakamega: Nilipewa kete nne za nyongeza. Mashine ilisema ninashinda kwa asilimia 99 tangu mwanzo hadi kete ya 140, halafu nikashindwa. Sasa nitapitiaje?

Jibu: Hapo asilimia haina kazi kabisa. Fungua mstari wa alama. Utaona uongozi ukishuka kidogo kidogo, na mara nyingi anguko linaanza pale nyeusi alipoanza kumjibu nyeupe kila alipoguswa. Weka alama kwenye kila jibu lako kati ya kete ya 20 na 80, ujiulize: ningeacha, ningepoteza alama ngapi? Ikiwa chini ya kumi, palikuwa na pakubwa zaidi. Vilevile usiige kete za nyeupe zinazopendekezwa. Mashine iliyo nyuma sana huchagua mambo ya ajabu.

Kutoka Webuye: Asante kwa somo, ndugu, lakini mfano wa R16 si kanuni. Nyeupe angekuwa na kete R10 na nyeusi K16?

Jibu: Kweli kabisa, jibu lingegeuka kuwa Q17. Upande wa kulia ungekuwa umeshaingiliwa na ukuta ungetakiwa utazame K16. Ndiyo maana tunauliza kete zinataka nini, hatukariri.

Kutoka Njoro: Nilifundishwa kwamba kuvamia kona mapema namna ile ni kumpa adui ukuta wa bure. Mbona mashine inavamia kwenye kete ya 6?

Jibu: Mafundisho hayo yalikuwa ya kawaida hadi AlphaGo, programu ya kompyuta, ilipomshinda bingwa wa Korea Kusini Lee Sedol 4 kwa 1 mwaka 2016, na matoleo yake ya 2017 yakaanza kuvamia mapema. Tofauti iko mwishoni mwa mfuatano. Zamani mvamizi alimalizia kwa kupinda na kuunganisha kwenye mstari wa pili, na hapo ukuta wa mwenzake ukakamilika. Mashine inaziacha kete hizo mbili. Ukuta unabaki na nyufa, naye anaondoka kwenda kucheza kwingine. Ukivamia mapema kisha ukamalizia kwa mtindo wa zamani, mwalimu wako bado yuko sahihi.

Kutoka Bungoma: Je, nipitie na michezo niliyoshinda?

Jibu: Mmoja kwa kila miwili uliyoshindwa. Anza na kete ambayo mpinzani hakuiadhibu.