Jinsi ya Kuandika Onyesho la Watu Wasiojuana Wanaokosa Kuelewana Jijini

Kabla ya kuandika mazungumzo yoyote, amua mtazamaji atajua nini ambacho wahusika hawakijui, au atanyimwa nini pamoja nao, kwa kuwa uamuzi huo ndio utakaoonyesha iwapo onyesho lako litachekesha, litaumiza au litachosha tu.

Anza kwa kutazama onyesho la tangazo la wiski katika Lost in Translation, filamu ya Sofia Coppola ya mwaka 2003. Mwongozaji wa tangazo, jijini Tokyo, anamweleza mwigizaji wa Kimarekani kwa Kijapani kirefu namna ya kutazama kamera. Mkalimani anayafupisha yote kwa sentensi moja, na Mmarekani anabaki akiuliza kama ni hayo tu yaliyosemwa. Coppola hakuweka tafsiri ya maandishi chini ya skrini, hivyo asiyejua Kijapani anapotea pamoja na mgeni. Litazame tena, safari hii ukijiweka mahali pa Mjapani ambaye anasikia maelekezo yenye maana kamili yakimwagika njiani. Binafsi naona filamu hiyo inamcheka mwenyeji kupita kiasi, na ni kosa rahisi kuliiga.

The Lunchbox ya Ritesh Batra, ya mwaka 2013, inapita njia nyingine. Mumbai ina wachukuzi waitwao dabbawala, wanaopeleka maofisini chakula kilichopikwa nyumbani, na mkebe wa Ila, mwanamke anayempikia mumewe, unamfikia mhasibu asiyemjua. Jioni mumewe anasifu koliflawa ambayo Ila hakuipika. Hapo ndipo Ila anashtuka, ilhali sisi tulikwisha kuuona mkebe mikononi mwa mwingine.

Katika mswada wako, mpe kila mhusika sababu ya kuwa sahihi. Mgeni aliyeambiwa Kariakoo kwamba duka hufunguliwa saa mbili, akafika saa nane mchana, hakukosea kusikia wala mwenye duka hakukosea kusema. Usimruhusu yeyote kutamka kwamba haelewi. Acha aendelee kwa uhakika wake hadi kitu kiharibike.

Mwishowe wape waigizaji wawili mswada, kila mmoja akiwa na mistari yake tu, wausome kwa sauti. Wakisimama mapema kuulizana, umefichua mno. Wakifika mwisho kila mmoja akisimulia kisa tofauti, anza kupiga picha.