Sikukuu hizi, anza na balbu kabla ya kununua umeme

Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya uniti za LUKU huisha haraka, na lawama zote hupewa friji. Kabla hujaongeza umeme, tazama kwanza balbu za barazani na sebuleni, zile zinazowaka tangu magharibi hadi wageni waage. Kama bado unazo zile za zamani zenye waya mwembamba ndani, jua kwamba kazi ya balbu ya wati 60 inafanywa na LED ya wati 8 au 9. Balbu tano za wati 60 zikiwaka kwa saa 6 zinakula uniti 1.8 kila usiku. Tano za LED za wati 9 zinakula 0.27 tu.

Dukani usiangalie wati pekee. Geuza boksi utafute lumeni, maana ndizo zinazoonyesha ukali wa mwanga: kama 800 hivi zinatosha badala ya ile ya wati 60. Sebuleni weka yenye 2700K au 3000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa manjano tulivu. 6500K ni mweupe wa ofisini, na kwa kweli hauipendezeshi meza ya pilau.

Taa za mapambo nazo ziwe za LED; hazipati moto sana, jambo muhimu sana karibu na mapazia na mti wa plastiki. Za nje ziwe na alama ya IP44 au zaidi, yaani zinahimili maji yanayorukia, kwani mikoa mingi Desemba ina mvua. Mkienda kulala, zichomoeni.