Kuotesha Arabidopsis Dar es Salaam bila chemba maalumu ya mimea

Arabidopsis thaliana ni gugu dogo la familia moja na haradali na kabichi, kimo chake shubiri moja hivi, maua meupe ya petali nne. Haliliwi kama mboga. Thamani yake iko maabara: kutoka mbegu hadi mbegu ni wiki 6 mpaka 8, linajichavusha lenyewe, lina jozi 5 tu za kromosomu, na jinomu yake (maelezo yake yote ya urithi) ilichapishwa mwaka 2000. Huota Ulaya, Asia, na hata kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Kwao ni kwenye ubaridi, kwa hiyo hapa Dar kazi kubwa ni kupambana na joto.

1. Mbegu. Benki ya mbegu ya NASC iliyoko Nottingham, Uingereza, inazo. Anza na aina ya Col-0. Kabla hazijatumwa, omba kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Habari za "kaka yangu anakuja, ataniletea mfukoni" achana nazo.

2. Udongo. Changanya nusu udongo wa kitalu uliochekechwa, nusu vumbi la makumbi ya nazi. Vumbi hilo mara nyingi lina chumvi, kwa hiyo lisuuze kwa maji mengi kwanza. Kisha pika mchanganyiko kwa mvuke kwenye sufuria kubwa yapata saa nzima, uue mayai ya wadudu.

3. Baridi. Tia mbegu kwenye kichupa chenye maji, kizungushie foili, weka kwenye friji (nyuzi 4, siyo friza) kwa siku 3. Ukiruka hatua hii zitaota kwa mafungu, nyingine leo, nyingine wiki ijayo.

4. Kupanda. Weka vyungu kwenye beseni la maji mpaka udongo ulowe hadi juu. Mbegu moja ni nusu milimita, vidole havifai. Lowesha ncha ya kijiti cha meno, gusa mbegu, itanasa. Gusa udongo, itabaki hapo. Usiifukie, inahitaji mwanga ili iote. Funika kwa nailoni angavu, na uitoe kidogokidogo majani mawili ya kwanza yakishafunguka.

5. Chumba. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kiyoyozi nyuzi 22, taa za LED kwa saa 16, giza kwa saa 8. Taima ya bei nafuu inatosha. Kipimajoto kikae usawa wa majani, chini ya taa, maana ukutani kitakudanganya. Joto likifika nyuzi 28, vikonyo vya majani hurefuka, majani husimama wima, na mmea huwahi kuchanua ukiwa bado mdogo. Likizidi 30 wakati wa maua, maganda hubaki mafupi, mbegu hakuna. Umeme ukikatika na jenereta ikabeba taa peke yake, zima na taa: giza la saa chache halina madhara, joto linayo. Mimi Januari hadi Machi sipandi kitu. Luku inaisha huku chumba bado cha moto. Napanda Juni, maua yaje kwenye kipupwe.

6. Maji. Mwagilia kutokea chini tu, na acha uso wa udongo ukauke kabla ya kurudia. Vijinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya chungu hutaga kwenye unyevu, na funza wao hula mizizi. Tundika karatasi za njano zenye gundi.

7. Kuvuna. Aliyewahi kuacha mgagani uzeeke atayatambua maganda yake: membamba, yamechomoza pande zote za shina. Yakianza kugeuka rangi ya majani makavu, acha kumwagilia. Laza shina zima ndani ya bahasha ya karatasi kabla maganda hayajapasuka, kausha wiki mbili, pukuchua, chekecha kwa chujio la chai. Hifadhi kwenye kichupa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uandike aina na tarehe kwa penseli, kwa sababu wino hufutika.